Mama Mchungaji, Mchungaji Mama

Neno mama likitangulia nomino nyingine hubadili maana bila kuaga. Mama Juma ni aliyemzaa Juma. Mama ntilie ni yeye mwenyewe anayepika, anayepakua na anayedai hela yake. Mama mchungaji hakumzaa mchungaji wala hachungi: ni mke wa mchungaji. Hakuna kanuni ya sarufi inayotuambia lini tusome uzazi, lini kazi, lini ndoa. Tumekua nayo masikioni, basi.

Ujuzi huo ulitosha kwa miaka mingi, maana wachungaji wote walikuwa wanaume na wake zao walihitaji kuitwa kitu. Kisha wanawake nao wakaanza kubarikiwa, na hapo msamiati ukakwama. Mwanamke aliyetoka chuo cha Kilutheri cha Makumira na shahada yake ya theolojia, akapangiwa usharika, akavaa joho na kola, anaitwaje na mama mtu mzima anayempa mkono mlangoni baada ya ibada? Jina lililo jepesi zaidi mdomoni lilikuwa na mwenyewe tayari.

Sasa geuza. Baba mchungaji ni nani? Ni mchungaji mwenyewe. Baba paroko ni paroko, Baba Askofu ni askofu, Baba Mtakatifu yuko Roma. Baba likikaa mbele ya cheo humwongezea heshima mwenye cheo. Mama likikaa mahali hapohapo humwondoa mwenye cheo na kumleta mwenziwe wa nyumbani. Maneno mawili pacha, yenye umbo moja na nafasi moja katika sentensi, moja likitaja kazi na jingine likitaja ndoa. Ndiyo maana mume wa mchungaji mwanamke hana jina kabisa. Akiitwa baba mchungaji, mgeni atamsogelea amwombe maombi. Huitwa mume wa mchungaji, au huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza kama mwanamume mwingine yeyote, na sijasikia kwamba hali hiyo imemsumbua hata mmoja.

Wapo wanaotaka istilahi ya mama mchungaji ifutwe. Siwaungi mkono, kwa sababu jina hilo lina kazi nyuma yake. Mama mchungaji huongoza umoja wa wanawake, huwafunda mabibi harusi, hulala msibani, hupokea wageni wa dayosisi wanaofika bila taarifa na kuwalisha kwa mfuko wa nyumbani. Hajasomea kazi hiyo, hakupigiwa kura, halipwi. Mumewe akihamishwa, cheo kinapakiwa pamoja na vitanda. Mumewe akifariki, nyumba ya usharika inamsubiri mama mchungaji mwingine. Ni uongozi wa kweli uliopatikana kwa cheti cha ndoa, na kwa vizazi viwili au vitatu ulikuwa ndio uongozi mkubwa kuliko wote ambao mwanamke wa Kiprotestanti angeweza kuufikia katika usharika wa kawaida. Ukifuta neno hujaifuta kazi. Umemnyima anayeifanya hata ile shukrani ndogo ya kutambulishwa.

Katika makanisa ya kipentekoste mambo yamechanganyika zaidi. Huko mama mchungaji hushika kipaza sauti, huhubiri, huombea wagonjwa, picha yake hukaa kwenye bango sambamba na ya mumewe. Tangazo likisema mama mchungaji atahudumu Jumapili ijayo, hujui kama ni mke anayemshikia mume nafasi au ni mchungaji kwa haki yake, na mara nyingi hata kanisa lenyewe halijaamua. Neno linahama polepole kutoka upande wa mama Juma kwenda upande wa mama ntilie.

Waliobarikiwa wametafutiwa njia nyingine. Njia moja ni kugeuza mpangilio: mchungaji mama. Nalipenda jina hili kuliko linavyostahili. Kiswahili hutanguliza kitu chenyewe na kuacha sifa ifuate, hivyo mchungaji mama ni mchungaji kwanza, umama umekuja baadaye kama heshima tu, kama mtu anavyosema daktari mama au mwalimu mama akitaka kutofautisha waliomo chumbani. Kwa kigezo hichohicho, wachungaji wanawake si sawa kabisa na wanawake wachungaji. La kwanza linahesabu wachungaji na kuwatenga baadhi. La pili linahesabu wanawake na kuwakweza baadhi. Katibu wa kikao akiandika muhtasari anachagua moja kati ya hayo bila kufikiri, na uchaguzi wake unasema dayosisi inawaona wapi.

Magazeti hupenda njia ya tatu: kasisi wa kike, askofu wa kike. Hii siipendi. Kile kiambishi ki- ni cha namna na mtindo. Ndicho kilichomo katika kizungu, kizee, kitoto. Wa kike hukaa vizuri na viatu, nguo, sauti, vyoo na mabweni, yaani vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya wanawake au kwa mtindo wao. Askofu wa kike ananukia duka la viatu.

Yote hayo yanatokea katika lugha ambayo haikuwa na sababu ya kuhangaika. Mwaka 1992 Maria Jepsen alipochaguliwa Hamburg kuwa mwanamke wa kwanza kuwa askofu wa Kilutheri popote duniani, Kijerumani kilikuwa na kiambishi tayari: Bischof akawa Bischöfin. Kiswahili hakikuhitaji hata hicho. Mchungaji, askofu, mwinjilisti, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa halmashauri, mkuu wa jimbo: hakuna hata moja lenye jinsia. Kitenzi kinachofuata hakiulizi. Anahubiri ni anahubiri. Kiwakilishi hakiulizi; yeye ni yeye. Unaweza kuandika historia ya usharika kwa kurasa hamsini ukimtaja mchungaji katika kila aya, na msomaji asijue kama alikuwa mwanamume au mwanamke mpaka utakapotaja jina lake au ndevu zake. Mlango wa sarufi ulikuwa wazi tangu mwanzo. Kilichowekwa kizingitini ni vijineno vya heshima, baba na mama, pamoja na uchaguzi wa watafsiri wa Biblia, na huo unastahili kutazamwa kwa makini.

Biblia ya Union, iliyotoka 1952 na bado inasomwa katika makanisa mengi ya Kiprotestanti ya Tanzania na Kenya, inamwita Debora nabii mke. Kwa Kiswahili cha zamani hilo halikuwa na utata: mke lilimaanisha wa jinsi ya kike, kama lilivyobaki ndani ya mwanamke. Leo mke ni mtu aliyeolewa. Mtoto wa shule ya Jumapili akisikia nabii mke anamuuliza mwalimu nabii mume yuko wapi. Mstari wenyewe unazidisha tatizo, kwa kuwa unamtaja Debora pia kuwa mkewe Lapidothi: neno moja mara mbili katika sentensi moja, kwa maana mbili ambazo zamani zilijitenga zenyewe. Mwanamke aliyekuwa mwamuzi wa taifa zima, aliyemwagiza Baraka aende vitani na Baraka akakataa kwenda bila yeye, sasa anasikika kama mama nabii.

Lakini kisa kitamu ni cha Fibi. Paulo anamtaja mwanzoni mwa sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi, akiwa anatoka Kenkrea, bandari ya Korintho, na inaelekea ndiye aliyeubeba waraka wenyewe mpaka Roma. Kwa Kigiriki Paulo anampa maneno mawili. La kwanza ni diakonos. Neno hilohilo, likitajwa kwa wingi katika salamu za Waraka kwa Wafilipi na katika maagizo kwa Timotheo, watafsiri wa Union walilifanya mashemasi. Kwa Fibi walilifanya mhudumu.

Kabla ya kuwalaumu, tuwatendee haki. Shemasi ni neno la Kiarabu, shammas, lililotoka katika Kisiria cha makanisa ya Mashariki, na huko lilimaanisha mtumishi, mhudumu. Kwa hiyo mhudumu na shemasi ni neno moja lililovaa nguo mbili, moja ya nyumbani na moja ya ugenini. Tena Union inamwita Paulo mwenyewe mhudumu, pamoja na Apolo, katika Waraka wa kwanza kwa Wakorintho. Mwaka 1950, Agano Jipya la Union lilipotoka, mhudumu halikuwa tusi wala kijembe.

Ila maneno hayakai yalipowekwa. Katika miaka sabini iliyofuata shemasi amebaki madhabahuni na joho lake, wakati mhudumu ameajiriwa hotelini, baa, hospitalini na katika ofisi za serikali, ambako ndiye anayeleta chai na kupeleka mafaili. Biblia ya Habari Njema, iliyokuja katika miaka ya 1990, ilimpa Fibi jina la mtumishi, ambalo lina bahati zaidi kidogo kwa kuwa walokole wamelipandisha: mtumishi wa Mungu siku hizi ni mtu mkubwa mwenye gari kubwa. Lakini shemasi hakupewa. Mwanamke anayesoma Warumi kwa Kiswahili anaona aliyeleta chai. Anayesoma Wafilipi anaona maafisa wa kanisa. Hawezi kujua kwamba Kigiriki kilitumia neno moja, isipokuwa aambiwe.

Neno la pili ni prostatis. Lina maana ya anayesimama mbele: mlezi, mfadhili, mwenye dhamana juu ya wengine, mtu ambaye wageni na maskini wa mji walikimbilia kwake ili awasemee. Union ikasema msaidizi. Sikatai kwamba mfadhili husaidia. Lakini msaidizi kwa Kiswahili husimama nyuma au pembeni, hata siku moja hasimami mbele. Ni msaidizi wa fundi, msaidizi wa nyumbani. Na kwa mwanamke neno hilo lina historia ndefu zaidi, kwa sababu ndilo alilopewa Hawa katika Mwanzo, ingawa Kiebrania cha mahali pale, ezer, ni neno ambalo Zaburi humpa Mungu mwenyewe anapokuja kuokoa. Msaidizi wa Mwanzo akakutana na msaidizi wa Warumi, na wahubiri wakafanya mengine.

Hili si jambo la watu wa kamusi peke yao. Papa Fransisko aliunda tume mwaka 2016, na nyingine mwaka 2020, kuchunguza ushemasi wa wanawake katika Kanisa la mwanzo na uwezekano wake sasa, na Fibi hakosekani katika mjadala huo. Kuhusu upadre, Yohane Paulo wa Pili alikwisha kuandika mwaka 1994 kwamba Kanisa halina mamlaka ya kuwapa wanawake daraja hilo. Daraja, angalia: cheo na kivuko kwa pamoja. Mkatoliki anapewa daraja; Mlutheri anabarikiwa; Mwanglikana anawekwa wakfu. Kati ya hayo matatu, kubarikiwa ndilo linalowaweka wapinzani pagumu, kwa maana tunabariki watoto, nyumba, mashamba na hata pikipiki, na si rahisi kusimama mbele ya mkutano kusema huyu asibarikiwe.

Habari za kasisi na mzee ni fupi lakini zina uchokozi. Kasisi ni Kiarabu, qissis. Waliosoma Kurani pwani walilijua kabla mmisionari Krapf hajatia mguu Mombasa mwaka 1844, kwa kuwa limo katika Sura ya Tano. Waarabu nao walilipata kwa Wasiria, na kwa Wasiria lilimaanisha mzee. Kigiriki kilisema presbyteros, ambalo pia ni mzee, na ambalo watafsiri wetu kwa haki kabisa waliliita mzee. Basi mzee wa kanisa na kasisi, kwa asili, ni mtu mmoja. Baadhi ya makanisa yaliyokuwa tayari kumchagua mwanamke kuwa mzee wa kanisa yalisita kwa miaka kumpa ukasisi, yaani yalimpa cheo kwa Kibantu yakamnyima kwa Kisiria. Na mzee lenyewe lina kichekesho chake. Mtaani mwanamke wa miaka sabini haitwi mzee. Ni bibi, au mama. Mzee ni mwanamume. Kanisani binti wa miaka thelathini na mbili mwenye mtoto mgongoni anaapishwa kuwa mzee, na hakuna anayecheka. Kanisa lilifanya bila makelele jambo ambalo lugha ya mtaani haijalifanya mpaka leo.

Padri ndilo neno lisilosameheka. Lilikuja na Wareno, nalo ni baba, bila kificho. Wakatoliki hawana shida nalo kwa kuwa mapadri wao ni wanaume watupu. Shida ni ya Waanglikana wa maeneo yaliyolelewa na wamisionari wa Universities' Mission, kuanzia Unguja hadi Masasi, ambako kasisi huitwa padre. Padri mwanamke, ukilifungua, ni baba mwanamke. Hapo sitashauri kitu.

Wakati wataalamu wa maneno wakijadili, wenye mikono ya kuwekea watu walikwisha kuiweka. Nyambura Njoroge alikuwa mwanamke wa kwanza kubarikiwa katika Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, mwaka 1982. Mwaka uliofuata Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini akampa ukasisi Lucia Okuthe bila kungoja kanisa lake la Kianglikana la Kenya limalize kukubaliana, na Askofu Festo Kivengere akafanya vivyo hivyo Kigezi, Uganda. Mkutano Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) uliridhia mwaka 1990, dayosisi zikafuata kila moja kwa mwendo wake. Nataja miaka hii kwa sababu moja: ni zaidi ya miaka arobaini tangu wa kwanza, watoto waliobatizwa na wanawake wamekwisha kuoa na kuolewa, lakini ukisikiliza utambulisho wa wageni katika harusi bado utamsikia mshereheshaji akisema tunaye pia mchungaji mwanamke, kama anayetambulisha tukio.

Uaskofu ulichelewa, na ulipofika ulileta tatizo ambalo halikuwa la cheo. Ellinah Wamukoya aliwekwa wakfu mwaka 2012 katika nchi iliyoitwa Swaziland wakati ule, mwanamke wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana barani Afrika. Kenya ilifuata mwaka 2021: Emily Onyango akawa askofu msaidizi wa Bondo mwezi Januari, na Septemba Rose Okeno akawekwa wakfu kuwa askofu wa Butere, wa kwanza kuongoza dayosisi katika Kanisa Anglikana la Kenya. Askofu Okeno, Askofu Onyango: cheo kilikaa bila mkwaruzo. Askofu lilianzia Kigiriki, likapita Kiarabu, na maana yake ni mwangalizi, na kila anayejua nyumba za Kiafrika anajua nani huwa mwangalizi.

Kilichogoma ni kitu kingine. Katika dayosisi nyingi za Kianglikana barani Afrika, mke wa askofu ndiye anayetazamiwa kuwa mlezi au kiongozi wa Mothers' Union, chama kikubwa cha wanawake kilichoanzia Uingereza katika karne ya 19 kikaota mizizi huku kuliko kilikotoka. Hakuchaguliwa; amefika na mumewe, kama mama mchungaji wa usharika mdogo, ila kwa kipimo cha dayosisi. Askofu akiwa mwanamke, nafasi hiyo inabaki wazi. Mumewe hawezi kuijaza. Askofu mwenyewe akiijaza, anashika kazi mbili ambazo mtangulizi wake alishika moja. Ikiachwa kwa uchaguzi, wanawake wa dayosisi wanapata kwa mara ya kwanza kiongozi waliyemtaka wenyewe. Hili la mwisho ndilo ambalo sikuliona likitajwa katika mabishano yote kuhusu nani apewe fimbo ya uchungaji, ingawa linagusa watu wengi kuliko fimbo yenyewe.

Mama, hata hivyo, halikuzaliwa kuwa neno la mke wa fulani. Mtawa wa Kiirishi aliyefika Uganda mwaka 1903 na kuanzisha hospitali ya Nsambya alijulikana hadi kifo chake mwaka 1957 kama Mama Kevina. Hakuwa mama wa Kevina, alikuwa Kevina, na hakuwahi kuzaa. Kila shirika la masista lina mama mkuu, anayesimamia shule, hospitali, mashamba na mamia ya watawa, na anayeweza kumhamisha sista kutoka Songea hadi Singida kwa barua ya mistari minne. Hapo mama ni mamlaka tupu. Inachekesha kwamba wanaolibeba wanaitwa watawa, neno ambalo pwani lilihusu kukaa ndani, utawa ukiwa ni hali ya mwanamke asiyetoka nje mchana. Watawa ninaowajua mimi wako barabarani na magari ya mizigo tangu alfajiri.

Getrude Rwakatare, aliyeongoza kanisa la Mlima wa Moto Mikocheni, Dar es Salaam, mpaka alipofariki Aprili 2020, aliandikwa magazetini Mchungaji Dokta na kuitwa mtaani Mama Rwakatare. Hakuna aliyedhani jina hilo la mtaani lilimpunguzia kitu. Nairobi, Margaret Wanjiru ni Askofu Margaret Wanjiru, hivyo tu, hata wanaombishia siasa zake hawaongezi mwanamke mbele wala nyuma. Makanisa haya ya kipentekoste hayakungoja sinodi, kwa hiyo hayakuhitaji msamiati wa kuomba radhi. Naona kuna uhusiano kati ya urefu wa mjadala na urefu wa jina: kanisa lililobishana miaka ishirini hutoka na mchungaji mwanamke, lile lisilobishana hutoka na mchungaji.

Kuna mahali pamoja ambapo Kiswahili kiliwahi kuwapa baba na mama uzito ulio sawa kabisa ndani ya Ukristo. Ni Katanga, Kongo, katika miaka ya 1950, ambako mmisionari Placide Tempels alianzisha na wafanyakazi wa migodi kundi lililojiita Jamaa. Lilikuwa kundi la Wakatoliki, na lugha yake ilikuwa Kiswahili cha huko. Mafundisho yake yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Watu waliingia wakiwa mume na mke, wakaitwa baba na mama, na walizaliwa kiroho na baba na mama waliowatangulia. Mama wa Jamaa hakuwa kivuli cha cheo cha mumewe. Katika kundi lililoweka uzazi kuwa nguzo, baba peke yake hakuweza kumzaa mtu. Maaskofu wa Kongo baadaye walilikazia kamba, kwa sababu zao nyingi, na wanaanthropolojia wakalifanya mada. Kwangu limebaki ushahidi kwamba lile pengo kati ya baba mchungaji na mama mchungaji si tabia ya Kiswahili. Ni tabia ya nyumba za wachungaji.

Oktoba 2025 Uingereza ilimtangaza Sarah Mullally kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, mwanamke wa kwanza katika kiti hicho, na Laurent Mbanda, Askofu Mkuu wa Rwanda na mwenyekiti wa umoja wa Waanglikana wahafidhina wa GAFCON, akapinga waziwazi. Mabishano hayo yataendelea kwa muda. Mimi namfikiria mkalimani. Siku Mullally atakaposimama mbele ya mkutano unaosikia Kiswahili, mkalimani ambaye miaka yote amezoea kufungua kwa Baba Askofu Mkuu atakuwa na nusu sekunde ya kuamua. Baba haiwezekani. Mama Askofu Mkuu itawafanya watu wageuke kumtafuta mumewe. Nadhani atasema Askofu Mkuu, bila kitangulizi, na wazee wa mstari wa mbele watahisi kuna heshima iliyopungua, wasijue ni ipi, mpaka atakapoanza kuhubiri.